Mfanyakazi ana shida nyumbani: mwajiri asaidie hadi wapi?

Swali: Mimi na mume wangu tuna beikari hapa Kisumu, upande wa Mamboleo, na tumeandika watu 14. Haipiti wiki bila mtu kuja na shida ya nyumbani: karo, matanga, mtoto mgonjwa, kodi ya nyumba. Nimekuwa nikitoa advansi na ruhusa kadiri ninavyoweza, lakini sasa wananung'unika kwamba napendelea, na wakopeshaji wa simu wananipigia mimi wakiwatafuta wafanyakazi wangu. Kuna mama mmoja wa tanuri ambaye mtoto wake ana ugonjwa wa damu wa sikoseli, na mwezi uliopita alikosa kazi siku sita. Mume wangu anasema tumwachishe, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Mimi roho inakataa, tena nafikiria hata kujenga vyumba nyuma ya beikari niwapangishe kwa kodi nafuu. Nisaidie hadi wapi?

Jibu: Dada, huyo mama usimwachishe. Nitakueleza sababu zangu, na mumeo pia nitamfikia, kwa maana kuna jambo analoliona sawasawa ingawa dawa anayoipendekeza siyo.

Kwa jinsi ulivyoandika, kila msaada unaotoka hapo kwenu unapitia moyoni mwako. Mtu anakuja alfajiri mikate ikiwa tanurini, anaeleza shida yake, unamtazama usoni, unaamua. Leo una pesa kidogo, unatoa. Kesho muuza unga anakudai, unakataa. Mwenye ulimi mwepesi anapata mara tatu, na yule mnyamavu anayeogopa kukukaribia ndiye anayeishia kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa, anamwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Wewe unajua umetenda wema, wao wanaona upendeleo. Kazi yangu ni kushauri waajiri wadogo na wa kati kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, na manung'uniko haya nimeyakuta hata kwa watu wenye huruma ya kweli. Fadhila isiyo na kipimo haiwezi kuonekana ya haki machoni pa anayeisubiri mlangoni.

Kwa hiyo saidia, tena zaidi ya unavyosaidia sasa. Ila msaada huo uwe mpango unaojulikana na wote, ulioandikwa, wenye viwango, na usiomlazimu mtu akufungulie maisha yake yote ndipo aupate.

Anzia kwenye kile ambacho tayari ni chao. Niliwahi kukaa na mwajiri aliyetoa shilingi elfu kumi kwenye mchango wa hospitali wa mfanyakazi wake na kushangiliwa na watu, kumbe makato ya bima ya afya ya mfanyakazi huyo yalikuwa hayajapelekwa kwa miezi kadhaa. Tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, unakata asilimia 2.75 ya mshahara wote na kuipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, mtoto wa mtu anafika kaunta ya hospitali na mfumo unasema hajalipiwa. Hakuna advansi inayorekebisha aibu hiyo. Na mshahara wenyewe utoke tarehe moja isiyobadilika. Mwenye nyumba wa Nyalenda au Obunga hangoji mwenye duka la jumla akulipe wewe kwanza. Mshahara ukisogea kwa siku tano, mpangaji anakopa kwa siku tano. Ukiniuliza ni jambo gani moja linalopunguza shida za nyumbani kuliko yote, nitakuambia ni tarehe ya mshahara inayoaminika, na wala haikuongezei gharama.

Sasa twende kwenye siku za kukosa kazi, maana naona hapo ndipo mumeo anapoumia. Chukua kalamu tupige hesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12. Watu 14 mara 21 ni siku 294. Mwaka wa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, ukitoa na sikukuu, una siku kama 300. Maana yake, karibu kila siku ya mwaka, mmoja wenu anatakiwa kuwa likizoni, kabla hata hujahesabu ugonjwa, uzazi au msiba. Kama beikari yenu inahitaji watu 14 wasimame kila siku ndipo mikate itoke, basi tangu mwanzo mna upungufu wa mtu mmoja, na mtoto wa yule mama anatwikwa lawama ya hesabu ambayo haikupigwa. Nimeona biashara nyingi zikiita hali hii utovu wa nidhamu, huku likizo zimelimbikizwa miaka miwili na hakuna anayethubutu kuziomba.

Dawa yake ni mtu wa akiba na mafunzo. Tafuta mtu wa kibarua mnayemwamini, mwiteni siku kadhaa kila wiki hata kama hakuna aliyekosa, ili mkono usisahau kazi. Kisha hakikisha kila kazi inajulikana na watu wawili: kukanda, tanuri, kufungasha, kupeleka oda. Bandikeni ratiba ya likizo ya mwaka mzima ukutani, mkikwepa wiki za shule kufunguliwa, ambapo kila mzazi anataka kwenda kumpeleka mtoto.

Juu ya hapo, wekeni siku chache za mambo ya nyumbani zenye malipo. Sheria inatoa likizo ya ugonjwa, angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi na kwa cheti cha daktari. Lakini hizo ni za mfanyakazi akiugua mwenyewe. Mtoto akiugua, sheria hiyo haikumtengea mzazi siku zake, ndiyo maana watu husingizia kuumwa. Kwa beikari yako ningependekeza siku nne kwa mwaka kwa kila mtu, asiulizwe ni za nini, mradi amempigia msimamizi simu kabla zamu haijaanza. Tuseme mshahara wa kawaida hapo ni shilingi 20,000, yaani kama 770 kwa siku. Wote wakizimaliza, siku 56 zinakugharimu shilingi 43,120 kwa mwaka. Ziweke hizo mbele ya mumeo, kando yake uweke gharama ya kutafuta fundi mpya wa tanuri, kumfundisha, na mikate itakayoungua kabla mkono wake haujazoea joto la tanuri lenu.

Tukija kwa mama huyo, uliyoyaandika yana sehemu mbili ambazo mmezichanganya. Mtoto wa sikoseli ana siku za kliniki, na hizo zinajulikana mapema, zimeandikwa kwenye kitabu chake. Ana pia siku maumivu yanapompata ghafla: baridi, malaria, homa, hata kukosa maji ya kutosha mwilini huweza kuyaamsha, na kwetu huku ziwani malaria haikosi. Mketi naye, wewe na msimamizi wa zamu peke yenu, mpange siku za kliniki ziwe ndizo siku zake za mapumziko au azibadilishane na mwenzake. Hapo pengine nusu ya zile siku sita zinatoweka. Zilizobaki ndizo za mtu wa akiba. Muulize pia kama zamu ya saa tisa usiku ndiyo inayomfaa. Mara nyingi mtoto wa namna hii huzidiwa usiku, na mama aliye kazini mchana anaweza kumwachia jirani kwa moyo mtulivu kuliko anayemwacha amelala. Kama zamu ya kufungasha ina nafasi, mpe achague. Usimhamishe bila kumuuliza kwa kudhani unamhurumia, maana labda posho ya usiku ndiyo inayonunua dawa.

Na mumeo ajue kwamba kumwachisha mtu si neno la jioni moja. Sheria inataka sababu ya haki, na inataka umweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na umsikilize kabla ya kuamua. Waajiri wengi hushindwa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kwa kuiruka hatua hiyo tu.

Matanga yana uzito wake hapa kwetu na lazima yawe na kanuni, kwa sababu Sheria ya Ajira haikutaja idadi ya siku za msiba. Mwili unakaa mochari hadi jamaa wafike kutoka Mombasa au Nairobi, mazishi mengi ni Ijumaa au Jumamosi, na kijiji kiko Siaya, Busia au Vihiga. Ukisema ruhusa ni ya jamaa wa karibu, nani wa karibu? Mtoto wa baba mdogo ni ndugu kamili, shangazi ndiye aliyemlea, na wakwe hawakwepeki. Msijaribu kuamua hayo siku ya kilio. Waulize wafanyakazi wenyewe waorodheshe, nawe uweke kiwango: labda siku tatu zenye malipo kwa mzazi, mume au mke, mtoto na ndugu wa kuzaliwa, na siku moja kwa wengine, zinazozidi zitoke kwenye likizo ya mwaka. Pick-up ya mikate msiitoe kubeba waombolezaji kabla hamjasoma bima yake inasema nini kuhusu abiria. Nauli ya watu wawili watakaowawakilisha wenzao inatosha, tena familia ya mfiwa huikumbuka kwa muda mrefu.

Sasa pesa. Advansi nyingi zinazoombwa tarehe 15 ni mshahara ambao mtu ameshaufanyia kazi. Badala ya kumfanya abembeleze, mpe nafasi ya kuchagua kulipwa mara mbili kwa mwezi: sehemu katikati na iliyobaki mwishoni. Anayetaka aandike, asiyetaka aendelee kama kawaida. Hapo utaona foleni ya mlangoni inapungua bila wewe kukopesha hata shilingi, na wao hawalazimiki kuishi kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa ambao ada yake huhesabiwa kwa siku.

Mkopo ni jambo jingine, nao unataka karatasi. Sheria inakuruhusu kukata mkopo uliompa mfanyakazi ikiwa kuna mapatano ya maandishi, na usikate zaidi ya nusu ya kinachobaki baada ya makato mengine. Kwa mshahara wa 20,000, toa SHA 550, akiba ya uzeeni ya NSSF 1,200 na ushuru wa nyumba 300, inabaki 17,950. Nusu yake ni 8,975. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Lakini hayo ni mwisho wa sheria, si kipimo cha utu. Ukimkata mtu elfu nane kila mwezi atarudi mlangoni kabla ya mwezi kwisha. Mimi husema usizidi robo, deni moja kwa wakati mmoja, na liishe kabla ya lingine kuanza. Mikopo ya riba chini ya ile ya soko ina kodi ambayo mwajiri ndiye huilipa, kwa hiyo kabla ya kufungua mfuko mkubwa ongea na mhasibu wako.

Kwa dharura za ghafla, wasaidie waanzishe kikundi chao cha kufaana. Kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi, 14 wanapata 2,800. Beikari ikiongeza kiasi hicho hicho, ni 5,600, na kwa mwaka 67,200. Wachague wenyewe mwenyekiti na mweka hazina, asiwe ndugu yako wala wa mumeo, waandike kiasi cha msiba wa mzazi, cha kulazwa, cha nyumba kuingia maji. Mchango ukikatwa kwenye mshahara, kila mtu awe ameomba kwa maandishi. Wakisajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii wataweza kufungua akaunti kwa jina lao. Wewe usiwe na sahihi kwenye akaunti hiyo. Najua utashawishika, kwa sababu pesa yako imo, lakini siku utakapokuwa na sauti katika kuamua nani anastahili, umerudi pale pale ulipoanzia.

Wakopeshaji wa simu wakikupigia, usiwe mjumbe wao. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza kuitumia orodha ya namba zilizo kwenye simu ya mteja kuwatafutia watu wake anaposhindwa kulipa. Jibu kwamba hupokei mambo ya madeni ya wafanyakazi, usithibitishe kama yupo wala hayupo, kata simu. Kisha mwambie mhusika faraghani kwamba umepigiwa, ili asilisikie kwa wengine. Usimuulize anadaiwa kiasi gani. Akitaka kusema atasema.

Hapa ndipo mumeo ana haki. Mambo ya nyumbani yana mpaka, na mwajiri mwenye huruma huuvuka zaidi kuliko yule asiyejali. Nimeona wenye biashara wakipatanisha ndoa za wafanyakazi, wakishika vitambulisho vyao kwa kisingizio cha kuwatunzia, wakimpeleka kila mwenye shida kwa mchungaji wao, ilhali katika chumba kimoja cha kazi una Mwadventista, Mwislamu, Mkatoliki na mtu wa Legio Maria. Mtu ambaye riziki yake iko mkononi mwako hawezi kukukatalia kwa urahisi. Anayehitaji kuongea na mtu, mlipie vikao vichache kwa mshauri aliyesomea kazi hiyo, na usiulize walichozungumza. Habari za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayekwenda kliniki kila baada ya muda fulani akuonyeshe tu kwamba ana miadi, jina la kliniki halikuhusu. Msimamizi wa zamu naye aelezwe hivyo, kwa sababu siri nyingi hazivujishwi na mwenye biashara bali na yule anayeandika mahudhurio.

Jambo moja tu haliruhusu unyamavu. Mwanamke akiripoti kazini saa tisa usiku jicho limevimba, akasema aligonga mlango, msimuulize mbele ya wenzake. Baadaye, pembeni, mwambie unaona ameumia, kwamba kazi yake iko salama, na kwamba kuna namba ya bure ya 1195 kwa wanaodhulumiwa nyumbani, mchana na usiku. Uliza kitu kimoja: kuna chochote hapa kazini angetaka kibadilishwe? Anaweza kutaka zamu nyingine, mshahara uingie namba nyingine ya simu, au mtu fulani akija kumuulizia langoni asiambiwe alipo. Fanya hayo. Usimwite mumewe kuja kusuluhishwa. Akirudi nyumbani na akakaa kimya miezi mingine minne, usimhukumu, na usiondoe ulichomwahidi.

Kwa wanaonyonyesha, Sheria ya Afya ya 2017 inakutaka uwe na mahali pa faragha na uwape muda, hadi saa moja katika saa nane za kazi. Pembe safi ya stoo yenye pazia, kiti na maji ya kunawa inaanza kazi hiyo. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, zote kwa mshahara kamili, na hao akina baba wa kupeleka oda nao waambiwe, maana wengi hawajui kama ni haki yao.

Umeniandikia pia kwamba unafikiria kujenga vyumba nyuma ya beikari uwapangishe wafanyakazi kwa kodi nafuu. Hilo ningelisimamisha. Sisi watu wa magharibi tumeona maisha ya mtu yakifungwa yote kwa mwajiri mmoja. Mumias, penye kiwanda cha sukari, kulikuwa na nyumba za kampuni na shule za kampuni, na kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019, familia hazikupoteza mshahara peke yake. Webuye ilipitia hayo kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009. Mtu anayelala kwenye chumba chako hawezi kukuambia kwamba umemkata pesa zaidi, kwa sababu usiku huo huo anaweza kukosa pa kulala. Posho ya nyumba iwe kwenye mshahara, achague mwenyewe Manyatta au Kondele. Vivyo hivyo akiba: awe na NSSF iliyolipwa na hisa za Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa jina lake, vitu atakavyoondoka navyo siku atakapopata kazi bora Nakuru au Eldoret.

Kabla hujatangaza lolote kati ya haya, kuna daftari la madeni ya zamani. Usilibebe kuingia nalo kwenye mpango mpya likiwa na mafumbo. Mwite mmoja mmoja, muonyeshe ulichoandika, alinganishe na anachokumbuka. Pale mnapotofautiana na huna sahihi yake, amini kumbukumbu yake. Madogo ya zamani yafute. Makubwa yawekewe kiasi cha kila mwezi na karatasi mbili, moja yake. Ukimaliza na wote 14, mumeo akiwa ameziona hesabu, iteni kikao siku ya mshahara baada ya pesa kuingia kwenye simu zao, na kanuni zisomwe na mmoja wao, si wewe.